Sahihi ya Siku ya Mazishi

Bwana Ephraimu Kaaya, mkuu wa idara ya ubora katika kiwanda cha dawa, hakuwa na tabia ya kumfuata mtu mezani kwake. Mtu akitakiwa alipigiwa simu, naye alikwenda huku akijikagua kama vifungo vya koti lake jeupe vimefungwa vyote. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia mwenyewe katika chumba cha nyaraka, akafunga mlango na kuketi kwenye kiti cha wageni, Penina alijua kuna jambo. Alidhani labda wakaguzi wa serikali wamewahisha safari yao. Walikuwa wanatarajiwa wiki iliyofuata, na kiwanda kizima kilikuwa kinapakwa rangi, mpaka nyuma ya vyoo ambako hakuna mkaguzi aliyewahi kukanyaga.

"Penina," alisema, "siku tuliyomzika mama yako mkubwa, nani aliufungua mwongozo wa kukorogea dawa ya minyoo?"

Penina aliweka kalamu chini. Kaaya alimwambia kwamba kompyuta inasema ni yeye Penina, kwa jina lake na neno lake la siri, na saa imeandikwa. Tatizo ni kwamba saa hiyo yeye Kaaya alikuwa msibani Akeri, amesimama chini ya turubai na kipaza sauti mkononi, akitoa rambirambi za kiwanda. Na mbele yake, kwenye kiti cha kwanza cha wafiwa, Penina alikuwa ameketi na kitenge chake cha sare, mikono yote miwili imeshika leso.

"Nilikuwa nakutazama wewe," Kaaya alisema. "Ningekuwa sikuja msibani, leo nisingejua kitu."

Alilisema hilo kwa uchungu, kana kwamba anajuta kwenda kuhani.

Kwa asiyejua mambo ya viwanda vya dawa, aambiwe hivi: kule hakuna mtu anayefanya kazi kwa kichwa chake. Anayeosha tangi ana mwongozo wa kuosha tangi, anayekoroga ana mwongozo wa kukoroga, na kila mwongozo una namba, tarehe na sahihi za walioupitisha. Ukija mpya, wa zamani unakusanywa na kuchanwachanwa asije mtu akautumia kwa bahati mbaya. Mtu akikosea kuandika, hafuti. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke hivyo hivyo, na anatia sahihi pembeni. Penina ndiye aliyekuwa mwenye kazi hiyo yote. Wino mweupe wa kufutia aliupitia meza kwa meza akaunyang'anya, kama mwalimu anavyonyang'anya wanafunzi pipi.

Mwaka uliopita kiwanda kilihama kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta, na ni Penina aliyewafundisha watu wote, kuanzia maabara mpaka wafagizi. Aliwaambia kwamba sasa jina lako na neno lako la siri ndio mkono wako, na mkono wa mtu hauazimwi. Hauazimwi hata kwa mume, alisema, wala kwa mke. Watu walicheka na kugeuka nyuma, maana kila mtu alijua mumewe, Abdiel Swai, msimamizi wa chumba cha kuchanganyia dawa, alikuwa ameketi safu ya mwisho. Abdiel naye alicheka, tena sana.

Nyumbani kwao Kimandolu mambo yalikuwa mengine. Namba ya siri ya simu ya Penina aliijua Abdiel, ya Abdiel aliijua Penina, na binti yao Angel alizijua zote mbili. Ilikuwa fahari yao hiyo. Penina alikuwa na rafiki aliyeficha namba yake kwa mumewe, na alimsikitikia kweli kweli.

Siku ya mazishi ilikwenda hivi. Hanna, mama mkubwa aliyemlea Penina tangu hajajua kusema, alikuwa anazikwa nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Katika ukoo ule mume wa binti ana kazi moja tu siku ya mazishi: kuleta blanketi na kulitandika juu ya jeneza kabla halijateremshwa. Haulizwi amechanga nini wala ana cheo gani. Anaulizwa blanketi. Abdiel alikuwa Mchaga wa Machame, na wazee wa Kimeru walimpokea kwa shingo upande tangu siku ya posa. Walikuwa wanamsubiri akosee wapate la kusema.

Asubuhi hiyo alikuwa bado kiwandani. Ruhusa alipewa, lakini sukari ilikuwa imeshachemka kwenye tangi, na mwongozo mpya wa kukoroga hautoki. Ulikuwa umeshapitishwa na wote waliotakiwa. Penina mwenyewe alikuwa ameusoma na kuurudia akauona hauna kasoro, ilibaki yeye kuufungua kwenye kompyuta ili uchapwe. Angeufungua kabla ya kuondoka, lakini simu ya msiba ilimkuta ameshika mkoba, akatoka mbio, akasahau. Msaidizi wake alikuwa likizo ya uzazi. Kwingine pa kuupata hapakuwepo.

Abdiel alimpigia akiwa pale pale msibani. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nikilimwaga tangi hili, nimekwisha," alisema. "Nikisubiri, mazishi yananipita. Sema wewe."

Na kule mbele wajomba walikuwa wameshaanza kuulizana mkwe yuko wapi. Mmoja alikuwa anatazamatazama vijana, anatafuta wa kutandika blanketi badala yake, jambo ambalo lingesemwa kwenye ukoo mpaka Angel aolewe. Penina aliingia kwenye migomba, akageuzia watu mgongo, na kwa Kimachame chake cha kuokoteza, ili walio karibu wasielewe, akamtajia mumewe neno lake la siri. Lilikuwa jina la marehemu na mwaka aliozaliwa Angel. Mwanamke mmoja aliyemsikia akilitaja jina la Hanna peke yake migombani alimfuata, akamshika mabega na kumrudisha kwenye kiti.

Abdiel alifika kwa bodaboda, mchungaji amefika ukingoni mwa mahubiri. Blanketi lilikuwa bado kwenye nailoni yake. Alilitandika vizuri, akanyoosha pembe zote, na Mzee Mika, kaka mkubwa wa marehemu, alimpa mkono mbele ya watu wote. Hapo Penina alilia kuliko alivyolia siku nzima, na nusu ya kilio kile ilikuwa furaha.

Sasa Kaaya alikuwa mbele yake, ameshakisia kwamba aliyeufungua ni Abdiel, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa amekuja na njia. Penina aandike barua ya kumkaimisha Abdiel kazi ya nyaraka kwa siku zile za msiba. Aiandikie tarehe ya siku aliyoondoka. Yeye Kaaya ataisaini. Wakaguzi wakiuliza kwa nini Abdiel aliingia kwa jina la Penina, watasema mfumo ulikuwa mgeni, watu hawakuwa wameuelewa.

"Waliofundishwa na mimi?" Penina aliuliza.

Kaaya alitazama sakafu. Mtu huyu huyu ndiye aliyewahi kuwasimamisha kazi vijana wawili wa maabara kwa kujaza leo kipimo cha jana. Penina ndiye aliyeichapa barua yao, akaipa namba na kuiweka mahali pake. Alikumbuka kwamba mmoja wao alikuwa amepiga magoti.

"Nakupa mpaka kesho," Kaaya alisema na kusimama. "Wengine pia tuna watoto, Penina."

*

Jioni Penina na Abdiel waliporudi nyumbani walimkuta Mzee Mika sebuleni. Alikuwa ameshuka na mkungu wa ndizi kutoka Akeri, na Angel alikuwa ameshampikia chai. Wakamwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja kwa jina lake, bila haraka. Alisema amekuja kumshukuru mkwe. Alieleza, bila kuona haya, kwamba siku ile walikuwa wameshaanza kumsema, na kwamba mdogo wake mmoja alikuwa ameshatamka neno lisilofaa kuhusu Wachaga.

"Ulipotokea na lile blanketi nikawaambia, huyu ni mtoto wetu," alisema. "Tunakutana kuongea juu ya shamba la marehemu. Na wewe uje uketi. Siyo uje usalimie, uje uketi."

Abdiel aliinama akashukuru. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa anasimama nje na vijana wakati wazee wakizungumza ndani. Penina alimwona anavyojizuia asitabasamu kupita kiasi, akampenda, na papo hapo akakumbuka anachokwenda kumwambia.

Alimwambia walipomsindikiza mzee mpaka kituoni na kurudi. Alianza na habari ya Kaaya, akamaliza na barua. Abdiel alisikiliza yote, akavuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi mbona yamekwisha," alisema. "Iandike."

"Siwezi."

"Karatasi moja, Mama Angel. Na hakuna mtu mji mzima huu anayeweza kuiandika isijulikane kama wewe."

Penina alisema anajua, na hilo ndilo linalomtia hofu. Kama yeye anaweza, basi kila karatasi aliyowahi kuiweka kabatini haina maana, na dawa wanazokunywa watoto wa watu zimesimama juu ya karatasi hizo. Abdiel alimwambia aache kuhubiri. Dawa ile haina ubaya wowote, mwongozo ulikuwa sahihi, na yeye mwenyewe aliukoroga kama ulivyoandikwa. Kisha akalitoa lililokuwa moyoni tangu mwaka juzi: kwamba Penina aliwahi kumrudishia karatasi kwenye dirisha la chumba cha nyaraka, mbele ya vijana wake, kwa sababu ya tarehe, akamwambia "nenda kaandike upya, bwana," kama anaongea na mtoto. Alikwenda, akaandika upya. Vijana walimcheka wiki nzima.

"Nilimeza," alisema. "Sasa na wewe meza mara moja."

Penina alimwomba msamaha kwa lile la dirishani, na aliomba kwa dhati, maana alikuwa hajui kwamba lilimuuma hivyo. Lakini barua alisema hataiandika. Ataandika lililotokea: kwamba alisahau kuufungua mwongozo, kwamba alimpa mumewe neno la siri kwa hiari yake, na sababu ya kumpa.

"Watauliza nani alibonyeza."

"Ni wewe, Baba Angel. Sina namna ya kuandika mwingine."

Abdiel alitoka nje, akaketi juu ya matofali waliyokuwa wameyalundika kwa ajili ya chumba cha Angel, akabaki huko mpaka chakula kikapoa.

*

Taarifa ilikuwa ukurasa mmoja. Penina aliiandika kwa mkono, akaweka tarehe ya siku ile ile. Katikati alikosea neno moja, akapiga mstari juu yake na kutia sahihi pembeni. Kaaya aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaikunjua tena. Kuanzia saa ile alianza kumwita Bi. Swai.

Yeye na Abdiel walipoitwa kuhojiwa, walihojiwa kila mtu kivyake. Getini mlinzi, ambaye Penina alimfundisha kujaza daftari la wageni, alimwambia kwa aibu kwamba ameagizwa achukue kitambulisho chake, na kwamba leo ataingia kwa kadi ya mgeni. Akaivaa. Ikamning'inia kifuani na neno lile kubwa jekundu, akaketi nayo kwenye benchi la ukumbini ambako kila aliyekwenda kunywa chai ilibidi apite. Wengine walimsalimia. Vijana wa Abdiel walipita wakiangalia simu zao.

Ndani kulikuwa na mkurugenzi, mama wa utumishi na Kaaya. Kaaya ndiye aliyeuliza mengi, kwa sauti ya juu, kama Bi. Swai anaelewa maana ya kumbukumbu za kweli katika kiwanda cha dawa. Penina alijibu kwamba anaelewa. Angeweza kusema pale pale nani alimtaka aandike barua ya uongo, na alitaka kusema. Hakuulizwa, hakusema. Mpaka leo hajui kama ilikuwa huruma au woga, na akilifikiria hukasirika.

Swali la mwisho aliliuliza mama wa utumishi, na lilikuwa swali la kumsaidia. Kalamu alikuwa ameshaiweka juu ya karatasi. Jibu lake linajulikana na kila mtu aliyewahi kufanya kosa kazini, na Penina mwenyewe alikuwa amelisoma kwenye taarifa za watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Siku kama ile ikirudi, Bi. Swai, utafanya nini?"

Penina alifikiri. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwamba alifikiri. Alimwona Abdiel akinyoosha pembe za blanketi.

"Nitampa," alisema.

"Samahani?"

"Nitampa tena. Kesho yake nitakuja niandike taarifa, kama nilivyoandika hii. Lakini nitampa. Mama yangu alikuwa anazikwa."

Mama wa utumishi alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akasema wanaweza kuishia hapo.

Uamuzi haukuchukua muda mrefu. Abdiel alipewa onyo la maandishi akarudi kwenye tangi lake. Mtu anayejua sukari imeiva kwa kuitazama tu hapatikani kirahisi, na tena alikuwa ameonyesha kujuta. Penina aliachishwa kazi, kwa maelezo kwamba mtunza nyaraka anayesema atarudia kosa hawezi kuachiwa nyaraka. Na ukweli ni kwamba Penina mwenyewe, angekuwa upande wa pili wa meza, angeamua vivyo hivyo. Dawa ya minyoo ilipimwa, ikakutwa nzima, kisha ikamwagwa yote ili wakaguzi wasiikute. Kaaya aliongea na wakaguzi vizuri, wakaondoka wameridhika.

Siku ya kukabidhi ofisi ilibaki kazi moja ya mwisho, nayo ilikuwa kulifunga jina lake kwenye mfumo. Msaidizi wake, aliyerudishwa kutoka likizo ya uzazi kabla haijaisha, alishindwa kupata pa kubonyeza. Penina alimwonyesha, halafu akabonyeza mwenyewe.

*

Jumamosi mchana walikuwa wanakula wawili tu. Angel alikuwa amekwenda kwaya. Penina alikuwa amepika zile ndizi za Mzee Mika kwa nyama, na Abdiel alikula kwanza bila kusema, kisha akasukuma sahani.

"Lakini Mama Angel, ungesema tu hutarudia. Maneno mawili. Yule mama alikuwa ameshakuandikia."

"Na wewe walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

Abdiel aliosha vidole kwenye bakuli, akavifuta kimoja kimoja.

"Nikasema ningebaki na tangi langu."

"Na blanketi?"

"Nikasema wangepata mtu wa kulitandika."

Penina alimtazama. Alimuuliza kama alikuwa anawaambia wanachotaka kusikia, au anasema kweli. Aliuliza taratibu, na alikuwa tayari kabisa kuamini jibu la kwanza. Lingekuwa jibu jepesi, na lingewatosha wote wawili kwa miaka mingi.

Abdiel hakulitoa. Alitazama matofali kupitia mlangoni, yale ya chumba cha Angel, ambayo sasa yangekaa pale pale.

"Mshahara mzima umekwenda, Mama Angel," alisema. "Kwa blanketi."

Penina aliitika kwa kichwa. Alijisikia baridi mwilini na jua liko kichwani, akavuta kanga akajifunika mabega. Hakulia. Aliendelea kula kidogo, maana chakula kilikuwa kizuri na amekipika mwenyewe.

Feni ikasimama. Redio ya jirani ilikuwa inaendelea, kwa hiyo haukuwa umeme wa mtaa. "Luku imeisha," Abdiel alisema, na kwa mazoea ya miaka yote akanyoosha mkono, akaichukua simu ya Penina iliyokuwa mezani, akaanza kubonyeza kununua umeme. Akafika mahali pa namba ya siri, akaingiza nne zile alizozijua. Simu ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

"Umebadilisha?"

"Ukikosea mara moja tena itajifunga. Lete."

Abdiel akampa. Penina aligeuka kidogo kuelekea ukutani, akabonyeza, akasubiri mpaka ujumbe ukaingia. Kisha akamsomea zile tarakimu ndefu za luku, ambazo zikitumika mara moja hazifai tena, polepole ili asikosee, naye Abdiel akazinakili kwenye kiganja na kutoka nje kwenye mita kwenda kuziingiza.